Sauti ya Mama Redioni

Jumatatu, 3 Juni

Nimejua siri ambayo sikuitafuta.

Baada ya shule nilimpelekea bibi supu ya sukuma. Mama huipika nyingi "kwa bahati mbaya", halafu hunituma mimi. Yeye haendi. Mwaka wa tatu huu haendi. Naingia kwa mlango wa nyuma, namsikia mama jikoni! Moyo ukaruka — wamepatana!

Kumbe skana. Kile kiredio cha marehemu babu kinachonasa redio ya polisi. Kazi ya mama ndiyo hiyo: anapokea simu za dharura, anawatuma askari. Alikuwa analituma gari namba kumi na mbili kwenye ajali karibu na kanisa.

Bibi ameegemeza sikio, ufumaji mapajani. "Kumi na mbili mvivu huyo," akaniambia. "Mpaka aitwe mara mbili. Ningekuwa mimi, ningemfukuza kazi." Kisha akaona haya, akaipunguza sauti. "Usimwambie mama yako. Apa."

Nimeapa. Kwa roho ya babu.

Jumatano, 5 Juni

Mama kasema mezani: kuanzia tarehe moja Julai redio yote ya polisi itasimbwa. Mwenye skana atasikia mkwaruzo tu.

Kwa nini? (Sauti yangu ya panya, kama kawaida.)

Akasema, mwezi wa Machi mwanamke mmoja alipiga simu, amejificha bafuni. Mume naye alikuwa na skana. "Nilikitaja chumba redioni, mwanangu. Kwa mdomo wangu huu." Askari walimuwahi, yule mwanamke yuko hai. Lakini mama hakumaliza chakula.

Sasa mimi nipinge nini? Nilitaka kusema kuhusu bibi. Nikaomba chumvi.

Jumamosi, 8 Juni

Nilipotoka shule ya Kireno, lugha yetu ya nyumbani, nilimweleza bibi habari ya Julai. Alidhani ni betri. "Tutanunua nyingine." Nikaeleza tena, mara tatu. Akaizima kahawa kabla haijachemka.

Ndipo akanisimulia. Siku babu alipoanguka, bibi alipiga simu ya dharura, ikapokelewa na mama. "Namwambia, Graça, baba yako! Naye ananiuliza, anwani yako ni ipi? Mimi! Nyumba niliyomzalia! Kwa sauti ya mtu wa benki!" Makaburini bibi akamwambia mama asikanyage tena mlangoni kwake.

"Na sasa," akasema, "sauti hiyohiyo ya benki ndiyo niliyobaki nayo."

Mpigie basi, bibi.

"Nimwambie nini? Yeye ndiye wa kuanza."

Nyumba hii kila mtu anamngoja mwenzake aanze.

Jumapili, 9 Juni

Nimemuuliza mama, kijanja, eti ni kazi ya shule. Mkimjua anayepiga simu, bado mnauliza anwani?

Lazima, kasema. Awe nani. Mwenzake aliwahi kudhani anajua, gari likaenda mtaa mwingine. "Tena hasa ukimjua. Hapo ndipo akili inakuruka." Akaendelea kusugua sufuria. Ilikuwa safi tayari.

Nilikaa chooni nikalia kidogo. Si sana.

Jumanne, 11 Juni

Alhamisi kuna kikao cha baraza la mji kuhusu redio. Kila mtu dakika mbili. Nimejiandikisha! Mimi, ambaye hata piza naagiza kwa programu ya simu nisiongee na mtu!

Karatasi iko tayari, kwa Kiingereza kizuri: sauti iachiwe umma, ila ichelewe nusu saa, ili mtu mbaya asiwahi. Bibi hayumo. Kiapo ni kiapo.

Alhamisi, 13 Juni

Naandika garini, kiti cha nyuma.

Mama alikuwepo! Wakubwa wake walimleta aeleze habari ya bafuni. Alieleza. Hata mimi ningempigia kura.

Nikaitwa. Nikasimama. Kiingereza chote — kimeyeyuka! Nikafungua mdomo, kikatoka Kireno: "Bibi yangu anafungua skana kila siku. Hawasikilizi polisi. Anamsikiliza mwanawe."

Basi. Labda sekunde kumi. Mwenyekiti akatabasamu, hajaambulia kitu. "Bi Furtado, hebu tusaidie kutafsiri." Wakikwama na Kireno, mama ndiye hutafsiri.

Mama akasimama. Sauti ileile isiyotetemeka. "Anasema kwamba bibi yake —"

Ikatetemeka. Akaomba radhi, akatoka nje.

Nimevunja kiapo mbele ya mji mzima, na aliyeelewa ni yeye tu.

Njia ya nyumbani tukaipita. Hakukata kona. Sasa tumeegesha mbele ya nyumba ya bibi, jua bado lipo.

"Tangu lini?" kauliza, bila kugeuka.

"Sijui, mama. Ila ratiba yako anaijua kunishinda mimi."

"Hata zamu za Jumapili?"

"Za Jumapili anakosa misa."

Amecheka. Au sijui ile ni nini. Amezima injini, mikono bado iko kwenye usukani. Pazia la jikoni limesogea. Bibi ametuona. Hatoki. Na mama hashuki.

Sasa hivi ameniuliza kama nywele zake ziko sawa.

Nimemwambia ziko sawa. Haziko. Ameshika kitasa cha mlango —