Jina la Bukuru kwenye Fomu ya Ufadhili

Jumamosi, 11 Januari 1997. Kibondo.

Nimepuliza filimbi tangu saa mbili asubuhi, midomo imevimba. Wasichana thelathini na mmoja kwenye mchujo, tope hadi magotini. Mfungo umeanza jana. Mwenye duka la ng'ambo ya uwanja alikaa barazani akitutazama, koo kavu, na bado alishangilia kuliko mimi.

Nafasi za kulipiwa ada sekondari yetu ya Kasulu ni mbili tu. Bruda Marseli, mwenye ufadhili, amenikumbusha masharti kama vile mimi ni mwanafunzi wake. Msichana awe amemaliza darasa la saba mkoa huu. Awe na cheti. Awe anajua netiboli. Kwa mpangilio huo. Pesa zinatoka kwao Kanada, kwa wazee aliocheza nao chuo kikuu mpira wa magongo juu ya barafu. Anasema enzi zao kuna vijana walilipiwa ada kwa ajili ya miguu yao tu, na mwenye akili akabaki shambani kwa baba yake. Wazee hao hadi leo wanagombana kwa barua juu ya jambo hilo. Kwa hiyo yeye anataka haki.

Mimi nataka mfungaji. Miaka miwili tunapigwa na wale wa Kigoma mjini. Nimechoka kuitwa mwalimu wa wasindikizaji.

Nafasi ya kwanza nimempa binti wa Nyabibuye, mlinzi, hana mpinzani. Ya pili bado. Yulita Butoyi wa Busunzu amekuja. Nilimfundisha darasa la tano kabla sijahamia Kasulu, yeye na pacha wake; kwetu Waha pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili Butoyi. Alama zake nzuri. Mikono mizuri. Miguu mizito, akikimbia unamsikia. Pacha wake, Yustina Bukuru, alikufa kwa malaria mwaka juzi, mwezi mmoja baada ya mtihani wa darasa la saba. Hawakufanana hata kidogo. Wageni walikuwa hawaamini kuwa ni mapacha.

Butoyi ndiye anayestahili kwa masharti. Najua.

Jumapili, 12 Januari. Mabamba.

Nimepanda gari la misheni kuja kusali huku. Baada ya misa wasichana walicheza nyuma ya kanisa. Ringi ya baiskeli imepigiliwa kwenye mti wa mkaratusi. Mmoja yuko pekupeku, kanga imefungwa kiunoni. Amerusha mara kumi na mbili kutoka mbali. Amekosa moja. Hiyo moja alisukumwa.

Anaitwa Spesioza. Amevuka kutoka Burundi na shangazi yake mwaka wa machafuko. Kule aliishia darasa la sita. Hana cheti. Nimemuuliza mara tatu, kama vile jibu lingebadilika.

Nimemlaumu Mungu, kumpa mkono ule mtu asiye na karatasi.

Jumanne, 14 Januari. Busunzu.

Nimekwenda shule ya msingi kuchukua nakala za alama za Butoyi. Mwalimu mkuu, tuliyefundisha naye zamani, alifungua kabati akatoa na bahasha nyingine. Cheti cha Yustina Bukuru. Hakuna aliyekuja kukichukua. Nani achukue cheti cha marehemu? Akaniambia, mpelekee mama yake, nyumba iko njiani kwako.

Ni kweli iko njiani kwangu. Nimefika njia panda ya kwao, nikaona moshi wa jikoni. Nikapita.

Cheti hakina picha. Nimeiba cheti cha mtoto aliyekufa. Nimeliandika hapa ili baadaye nisijidanganye kuwa lilikuwa jambo jingine.

Jumamosi, 18 Januari. Mabamba.

Nimejaza fomu. Bruda ametia saini bila kuuliza. Nimemwambia Spesioza kwamba kuanzia leo anaitwa Yustina Bukuru, kwao Busunzu. Kiha na Kirundi ni ndugu, hakuna atakayemshtukia. Shangazi yake alilia akanishika miguu. Nilijisikia mtakatifu kwa muda wa dakika tano.

Msichana aliuliza jambo moja tu. Mwenye jina yuko wapi? Nikamwambia amehama.

Jumatatu, 3 Februari. Kasulu.

Shule imefunguliwa. Nimeita majina ya kidato cha kwanza. Nilipofika kwake ulimi ulikwama. Akaitika upesi, "Nipo, Mwalimu," kwa sauti kubwa kuliko wote. Yule mwingine naye alikuwa na tabia hiyo ya kuitika kwa nguvu.

Alhamisi, 20 Februari.

Mazoezi. Spesioza anajifunza haraka, hata Kiingereza anakinyakua. Leo binti wa Nyabibuye ameteleza akaangukia kidimbwi, wote wakacheka. Yeye amecheka kwa kuziba mdomo na kiganja, kichwa kimeinama begani. Bukuru alikuwa anacheka hivyo hivyo.

Wasichana mia wanacheka hivyo. Najua. Lakini nilikaa chini kwenye nyasi mbichi, nikasingizia kisunzi.

Ijumaa, 28 Februari.

Tena leo. Ameandika kwa mkono wa kushoto ubaoni. Sikumbuki kama Bukuru aliandika kwa kushoto. Nimeshinda mchana kutwa nikijiuliza. Naogopa.

Jumamosi, 15 Machi. Kigoma.

Tumewafunga! Mabao thelathini na moja kwa kumi na mbili. Ishirini na sita ni yake. Shule nzima imeimba, "Bukuru! Bukuru!" na ngoma ya ndoo. Bruda alirukaruka kanzu imepanda. Nami nilirukaruka. Kisha nikaenda nyuma ya vyoo nikaziba masikio.

Wote walikuwa wakimwita aliye kaburini, na mimi ndiye niliyewafundisha.

Jumanne, 8 Aprili.

Barua imetoka Kanada. Wazee wamefurahi kusikia ushindi. Wanaomba picha ya mfungaji wetu pamoja na wazazi wake, wakaitundike chumba cha klabu yao. Bruda ameisoma mbele ya walimu wote. Atakwenda Busunzu mwenyewe na kamera, Jumamosi ya wiki ijayo.

Nimehesabu siku: kumi na moja.

Alhamisi, 10 Aprili.

Nimemwambia Bruda kwamba baba wa msichana alishafariki, na mama ni mgonjwa. La kwanza ni kweli. Akasema basi ndiyo sababu zaidi ya kwenda kumwona mama, atampelekea na sukari. Uongo wangu umenichimbia shimo na sasa unanisukuma.

Akigundua, msichana ataondolewa siku hiyo hiyo. Na wanavyosema kila kijiji sasa, kwamba wasio raia wote wapelekwe kambini, hatarudi hata Mabamba. Mimi nitapoteza kazi. Hilo la kazi nimeliandika la pili. Kichwani lilikuja la kwanza.

Jumamosi, 12 Aprili. Busunzu.

Nimekwenda kwa Mama Bukuru. Bado wanamwita hivyo, jina la uzazi halifi na mtoto. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Aliponiona akachuchumaa akapiga makofi taratibu kama ilivyo desturi yetu. Mwakeye, Mwalimu. Nami nikachuchumaa. Akauliza habari za Kasulu, za shule, za mama yangu, za mvua, za ng'ombe wa kaka yangu. Waha tuna salamu ndefu, na anayezikatiza ana kichaa. Nilijibu kila moja, na kila jibu lilikuwa jiwe mdomoni.

Kisha nikasema yote. Kabati, bahasha, njia panda, fomu. Sikujitetea. Au nilijitetea kidogo.

Hakupaza sauti. Aliendelea kutoa mawe kwenye maharage. Baadaye akauliza, "Kwani alishinda?"

Sikuelewa.

"Ule mtihani. Mwana wanje, mwanangu, alishinda?"

Hakuwa anajua. Matokeo yalibandikwa shuleni wakati wa msiba, hakuna aliyekwenda kumsomea marehemu. Nikamwambia alishinda, tena vizuri, alimpita hata Butoyi. Akaacha maharage. Akajifunika uso na kitenge, mabega yakatikisika, na mimi nimekaa pale na mikono yangu miwili isiyo na kazi. Mwaka na nusu alistahili habari ile. Miezi mitatu nilikuwa nayo mimi.

Butoyi alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kila neno. Akasema, "Mimi ulinipima miguu, Mwalimu." Basi.

Mama amekubali kupiga picha. "Huyo mtoto wa watu hana kosa," alisema. "Nikimtoa, nani atarudi?" Ana sharti moja. Butoyi awemo.

Afadhali angenipiga.

Jumamosi, 19 Aprili. Busunzu.

Nilimwambia Spesioza ukweli asubuhi, kabla hatujapanda gari. Alitazama mbele njia nzima. Tulipokaribia akasema polepole, "Ulisema amehama."

Mama Bukuru alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Spesioza aliteremka, akapiga magoti kwenye tope, akapiga makofi, akainamisha kichwa. Mama alimwinua, akamshika uso kwa mikono yote miwili. Alimtazama muda mrefu mno. Bruda aliona ni upendo wa mama, machozi yakamlenga, akafuta miwani yake.

Amewapanga mbele ya nyumba. Mama katikati, Spesioza kulia, Butoyi kushoto. Akapiga tatu. Kisha akamgeukia Butoyi kwa ule uchangamfu wake. "Na wewe, dada mtu, unasoma wapi?"

"Mimi nalima, Bruda."

"Hukuja kwenye mchujo?"

"Nilikuja."

Akanitazama mimi. Nikasema miguu yake ilikuwa mizito. Akaifunika kamera. Tumepanda gari kurudi Kasulu. Mji umeshaonekana ndipo aliposema, kama anajisemea, kwamba huko kwao nako walianza hivyo hivyo, kwa kupima miguu. Sijui amejua kiasi gani. Sijamuuliza, na sitamuuliza.

Jumapili, 11 Mei.

Spesioza ameomba ruhusa kwa mkuu wa shule aende Busunzu kila Jumapili ya pili, kumsaidia mama yake shamba. Mama yake. Ameandika hivyo kwenye karatasi. Mkuu amemsifu mbele ya wenzake kuwa ni mfano wa mtoto mwenye adabu. Uwanjani ananitii, ananipa mpira, anajibu ndiyo na hapana. Zaidi ya hapo mimi ni nguzo ya goli.

Tumeshinda tena wiki hii. Sikumbuki mabao.

Jumatatu, 26 Mei.

Nimemwambia Bruda kwamba mwakani nafasi ya kwanza kabisa iwe ya Yulita Butoyi. Kwa alama zake. Amekubali haraka, bila kuniuliza sababu, na ule wepesi wake umenitisha. Nimetuma salamu Busunzu kupitia Spesioza. Jibu limekuja leo, kutoka kwa Butoyi mwenyewe. Anasema asante, lakini mwakani Mwalimu atamwona mwingine anayekimbia.

Ananijua.

Jumamosi, 14 Juni. Kasulu.

Picha zimesafishwa Kigoma mjini, zimerudi. Moja imekwenda Kanada. Moja nimeipeleka Busunzu mwenyewe, pamoja na kile cheti. Nimemwomba karani wa shule anipe, tumebaki na nakala.

Mama Bukuru alinawa mikono kwanza, akaikausha, ndipo akaipokea picha kwa kingo zake. Cheti alikiweka mapajani, hajui kusoma, akapitisha kidole kwenye jina. Picha aliitazama sana. Nyumba ile haijawahi kuwa na picha ya Bukuru. Mwaka mmoja alipopita mpiga picha mtoto alikuwa na surua, wakasema atapigwa safari nyingine.

Aliniambia, bila hasira, kwamba sura ya mwanaye ilikuwa imeanza kumtoka akilini. Macho yalikwenda kwanza, kisha pua. Alikuwa anaomba kwenye rozari arudishiwe hata pua. Sasa tangu siku ile ya kamera, akimtafuta Bukuru anakuja huyu msichana. Akifumba macho, ni huyu. Hata kwenye ndoto anamwita huyu. "Sijui kama nishukuru," akasema. Akaipachika ukutani, pembeni ya msalaba. Butoyi alichukua jembe akatoka.

Nimekunywa uji walionipa. Nimerudi na lori la mihogo, tumeingia Kasulu jua bado lipo.

Nimekaa mezani, nimejaribu kumkumbuka Yustina mwenyewe. Nilimfundisha mwaka mzima. Darasa nalikumbuka, dirisha lisilo na kioo, dawati la pili. Nakumbuka kuna mtoto amekaa pale ananitazama. Ni Spesioza.