Kadi Nilizozinyoosha

Kisumu, Novemba 1996

Mama Perpetua,

Nimekalia kiti chako. Sikukirithi, ni kwamba ndicho pekee kinachotazama mlango, na kwa majuma kadhaa sasa siwezi kukaa nikiupa mlango mgongo. Kila anayepanda ngazi namhesabia hatua zake kabla sijamwona uso.

Miezi minane imepita tangu tulipokuzika Bondo. Ungetaka nianze na yaliyobadilika. Magugu maji yameifunika ghuba, hata kutoka dirishani mwetu ziwa halionekani tena. Panaonekana shamba la kijani ambalo mgeni angedhani anaweza kulivuka kwa miguu. Wavuvi wa Dunga hupasua njia kwa makasia kabla ya kutoka. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua tiketi alisimama dirishani, akauliza ziwa limehamia wapi. Ungemjibu jambo la kumchekesha. Mimi nilimweleza asili ya mmea ule mpaka akaaga.

Kiti cha mvule cha wanaorudi safari kipo palepale. Maswali saba wanayoulizwa bado yamebandikwa ukutani kwa mwandiko wako. Sanduku la kadi lipo pia, na ni kwa ajili yake ninakuandikia, nikijua kwamba barua hii haina pa kupelekwa.

Niliingia ofisini kwako mwaka 1985, nikiwa nimeacha kufundisha jiografia, na nilidhani kazi ya wakala wa safari ni kujua ramani. Siku ya kwanza alikuja bwana mmoja mwenye duka la vitambaa, akasema anataka kwenda Paris. Hukumuuliza kwa nini Paris. Ulimuuliza, "Bwana, asubuhi ukiamka huko, unataka usikie nini?" Akasema anataka kusikia mvua juu ya miti, bila bati. Ukafungua sanduku, ukatoa kadi ya nyumba ya vyumba sita katika msitu wa Austria. Alirudi, akakalia kiti cha mvule, akajibu maswali yote saba: nani alimpokea mlangoni, maji yalikuwaje, kufuli lilikuwaje, na hayo mengine hadi la mwisho, ambalo ndilo ulilolipima kuliko yote: je, ungemlaza mama yako katika chumba kile? Alisema ndiyo. Ukaandika.

Hizo ndizo zilizokuwa mali yako: nyumba ndogo za wageni, kutoka milima ya Uswisi hadi visiwa vya Ugiriki, zisizo na brosha za kung'aa, kila moja ikiwa na shahidi aliyelala humo. Brosha uliziita mahari ya mwongo. Hukumtuma mtu pahali ambapo hapakuwa na mtu aliyelala akarudi kusimulia.

Lakini sanduku lilikuwa lako peke yako. "Tiketi ni zako, Mwalimu, sanduku ni langu," ulisema, na kwa miaka kumi na mmoja niliandika barua na kupanga tiketi, nikikuona ukilipakata kama mtu apakataye mtoto mwenye homa. Niliona kwamba kadi nyingine zilikuwa zimekunjwa pembe. Nilidhani ni unyevu wa ziwa, na mkono wako usiojali. Siku moja nilikwambia kwa adabu kwamba kadi zilizokunjwa huharibu mpangilio. Ulinitazama juu ya miwani. "Wewe Mwalimu," ukasema, "ungepewa kiboko ungeipiga pasi ngozi yake." Tulicheka. Hukunieleza.

Kwa nini hukunieleza?

Baada ya mazishi nilirudi ofisini, nikataka kukufanyia jambo moja la heshima. Wengine walikuletea maua. Mimi nilichukua sanduku lako nyumbani, nikafuta ukungu, nikatandika kitambaa kibichi juu ya kila kadi iliyokunjwa, nikaipiga pasi ya uvuguvugu, kisha nikaibana kati ya atlasi mbili kwa juma zima. Zilitoka zimenyooka kabisa. Nakumbuka nilijisifu. Nilijiambia kwamba sasa sanduku la Perpetua liko kama lilivyostahili kuwa.

Mwezi Septemba walikuja Mama Dorka na Mzee Yona wa Kaloleni. Unamkumbuka Mama Dorka, mkunga, ambaye nusu ya mtaa ule ilipokelewa na mikono yake, nami nikiwa mmojawapo. Watoto wao walikuwa wamewazawadia safari kwa miaka arubaini ya ndoa. Niliwauliza swali lako. Mzee Yona akasema angependa kusikia kengele za kanisa la kale. Mama Dorka akasema yeye hataki kusikia chochote; tangu akiwa msichana hajaamka asubuhi bila mtu kumwita, na sasa anataka kuamka asiitwe. Nilifungua sanduku. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuchagua. Nilipata nyumba ya vyumba tisa katika mji wa mlimani huko Ureno, yenye jina la mtakatifu, kanisa likiwa ng'ambo ya uwanja. Maelezo yako yalikuwa mazuri yote: mashuka ya kitani, mwenye nyumba anayebisha hodi kwa kiamshakinywa, bafu la chumbani lenye maji ya moto wakati wowote. Niliwaandikia. Walisafiri katikati ya Oktoba.

Siku nne baadaye alipanda ngazi Daktari Wekesa, yule mteja wako wa zamani aliyehamia Kakamega. Hakuwa amesikia habari za kifo chako, nami nikampa. Kwa kutaka kukusifu, akasema ulikuwa mtu pekee aliyemsikiliza alipolalamika. Alikuwa amelala katika nyumba fulani huko Ureno ambako mtambo wa gesi wa kuchemsha maji uliwekwa ndani ya bafu lisilo na tundu la hewa. Moshi wake hauna harufu wala rangi. Yeye, akiwa daktari, alipoumwa kichwa mara mbili baada ya kuoga, alielewa, akahama.

"Perpetua hakuandika neno," alisema. "Aliikunja ile kadi pembe mbele yangu. Akasema ubaya wa nyumba ya watu hauandikwi, unakunjwa. Iliyokunjwa haitumi mtu."

Nilimuuliza jina la nyumba. Alifumba macho. Alisema ni mtakatifu fulani. "Ureno imejaa watakatifu, ndugu yangu. Siwezi kukumbuka ni yupi aliyetaka kuniua." Alicheka. Nilicheka pia, kwa sababu uso wangu haukujua la kufanya.

Alipoondoka nilifunga mlango. Sanduku lilikuwa na nyumba tatu za Ureno zenye majina ya watakatifu. Niliziweka dirishani, mwanga wa asubuhi ukizipiga kwa ubavu, nikainamisha kichwa mpaka kikawa sawa nazo. Pasi haifuti mkunjo, Mama. Inaulaza tu. Ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili ilikuwa na mstari mwembamba kwenye pembe, kama kovu la mtu mzima aliyeumia utotoni. Ya tatu ilikuwa nao vilevile, na ya tatu ndiyo niliyowachagulia Mama Dorka na mumewe.

Nilijaribu kufikiri kama nilivyowafundisha wanafunzi kufikiri. Kadi mbili zilikunjwa. Moja kati yazo ni ya gesi. Nyingine huenda ilikunjwa kwa sababu ya kunguni, au kufuli bovu, au mwenye nyumba mlevi. Kwa hiyo uwezekano ni nusu kwa nusu. Niliiandika hesabu hiyo kwenye karatasi, nikaitazama, nikaona kwamba nimemweka mtu aliyenipokea duniani kwenye upande mmoja wa sarafu. Huko kulikuwa kunaingia baridi. Watu wanaotoka Kaloleni, wakiona baridi, watafanya nini ila kufunga kila dirisha na kukaa katika maji ya moto muda mrefu?

Nilikwenda posta kuomba simu ya nje. Opereta, binti mwenye subira, alinipigia mara ya kwanza. Ikaita bila kujibiwa. Nilikaa kwenye benchi. Mara ya pili laini ilikatika. Kando yangu alikaa mzee aliyekuwa akingoja simu ya mwanawe, akanieleza habari za ng'ombe wake kwa kirefu, na mpaka leo sijui kama nilimjibu. Nilikuwa nikitazama kidole cha binti yule kikizungusha namba, nikisema kimoyomoyo: chumba, mlango, bafu, dirisha. Chumba, mlango, bafu, dirisha. Nilifikiri ni nani atakayewaambia watoto wao. Nilifikiri ningeanza na neno gani. Sikulipata, mimi niliyekuwa na maneno kwa kila jambo.

Mara ya tatu iliitikiwa na mwanamke aliyesema Kireno. Nilitaja jina la Dorka, nikalirudia. Simu ikawekwa juu ya kitu. Nilisikia kengele, Mama. Nilisikia zile kengele za Mzee Yona, na nikafikiri zinapigwa kwa ajili ya mtu.

Kisha nikamsikia yeye. Alidhani kuna msiba Kaloleni. Nilimwambia hakuna, nikamwomba asiogee tena mle chumbani, wala yeye wala Mzee, na wafungue madirisha yote.

"Nyathina," aliniita, yaani mwanangu, kama anavyomwita kila mtoto aliyempokea, "umejuaje?"

Alinieleza kwamba siku ya pili Mzee Yona alichelewa bafuni. Mkewe alimwita, naye akaitika kwa sauti ya mtu anayesinzia. Mama Dorka mwenyewe alikuwa na kichwa kizito tangu walipofika, na alikwisha kuona jambo moja: kilikuwa kinamwacha kila atokapo uwanjani, na kinamrudia kila aingiapo chumbani. Miaka yote ile ya kuwatazama akina mama wanaobadilika rangi ilimfundisha kutongoja sababu. Aliusukuma mlango, akamkuta magoti yamelegea, akamburuta hadi kwenye baraza, kisha akavunja kioo cha dirisha la bafu kwa kiatu. Tangu hapo walikuwa wakinawa kwa beseni, kama nyumbani. Hakumlalamikia mtu. Alidhani ndivyo nyumba za huko zilivyo, na kwamba wao wawili ndio washamba. Na hakutaka kuniaibisha. Alijua ni kazi yangu ya kwanza bila wewe.

Hilo la mwisho ndilo linaloniamsha. Angeweza kufa kwa adabu.

Niliwahamishia katika nyumba ya kadi ile safi, mji wa pili, baada ya kumpigia mwenye nyumba na kumhoji kuhusu tundu la hewa hadi akadhani mimi ni polisi. Walirudi Kisumu wiki iliyopita. Walipanda ngazi zetu polepole; nilimhesabia Mzee Yona kila hatua, na alipoingia nilimtazama midomo kwanza, nione rangi yake, kisha nikamsalimu. Mama Dorka alikalia kiti cha mvule. Alijibu maswali yote, akachekesha katika la tatu, akisema kufuli lilikuwa zuri kiasi cha kumfungia mume wake afe kwa starehe. Mzee Yona akasema kengele zilikuwa nzuri, na kwamba asingejali kurudi, ila ataoga kabla ya kusafiri.

Tulipofika swali la saba, nilishindwa kuliuliza. Mama Dorka aliisoma kadi mezani, akaichukua, akaupapasa ule mstari, akakunja pembe kwa kidole gumba, palepale kwenye kovu lako, bila mimi kumwambia chochote. Kisha akanirudishia na kusema, "Sasa andika."

Niliandika. Chini ya maelezo yako ya mashuka ya kitani niliandika: mtambo wa gesi ndani ya bafu, hakuna tundu la hewa, Mzee Yona alikaribia kufa. Niliandika kwa wino. Ilikuwa mara ya kwanza neno baya kuandikwa katika sanduku lako, nami najua ungeninyang'anya kalamu. Ulikuwa na haya ya kumsema mtu vibaya wakati hayupo kujitetea. Naiheshimu haya hiyo. Ilikuwa yako, na ulipokufa ulikwenda nayo, pamoja na sababu zote zilizokuwa ndani ya kila mkunjo.

Kadi kumi na saba nyingine nimeziona zina kovu. Sijui hata moja ilikunjwa kwa nini. Nimeziondoa, nazo zile zilizobaki siziamini, kwa sababu siamini macho yangu na siamini mwanga wa dirisha hili. Mwenye duka la vitambaa alikuja juzi akitaka kwenda mahali, nilimwambia asubiri. Anasubiri. Naogopa kila mtu anayenieleza anachotaka kusikia akiamka, kwa kuwa sasa najua kwamba swali zuri namna ile linaweza kumpeleka mtu kwenye kifo chake akiwa ametabasamu.

Nakuahidi haya, Mama. Sitamtuma mtu pasipo shahidi. Kila ubaya utaandikwa chini ya pembe yake, kwa maneno, na msaidizi atakayekuja baada yangu atafunguliwa sanduku siku ya kwanza. Na sitanyoosha tena kitu chochote kabla ya kuuliza kilipindishwa na nani.

Ulikokwenda wewe, hakuna aliyewahi kurudi akakalia kile kiti. Nimekitazama asubuhi nzima. Sijui nani alikupokea mlangoni, wala kama maji yapo, wala kama dirisha hufunguka. Nitakapokuja, nitakuja na karatasi ya maswali. Ukae, unijibu yote saba, na usinifiche lolote kwa haya. Mpaka siku hiyo, lala, Mama. Nami nitaendelea kutazama mlango.

Wako,
Zablon, yule uliyemwita Mwalimu