Mchungaji wa Chamazi

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Ofisini Kinondoni tangu saa moja. Orodha ya uhamisho imekamilika. Sisi Wamethodisti mchungaji hukaa kituoni miaka michache, kisha askofu humhamisha. Hakuna mjadala. Gumu ni jina moja: Lazaro, kutoka Mwananyamala kwenda Chamazi. Huko hatuna kanisa. Tuna familia nne na mikorosho. Lazaro ataweza. Mie ndiye niliyemfundisha kuhubiri.

Jumatano, 4 Agosti

Lazaro kakataa. Amekuja mwenyewe, shati limepigwa pasi, shikamoo ya heshima, kisha akasema hapana. Kwaya yake imenunua kinanda cha umeme. Mkewe amefungua duka la mitumba. Nikamwambia wito hauna duka.

"Baba Askofu, wewe una miaka kumi kwenye nyumba ya askofu Kimara. Nani anakuhamisha wewe?"

Nimemfukuza ofisini. Nina hasira. Nina haki ya kuwa na hasira.

Alhamisi, 5 Agosti

Hasira ipo. Haki sina uhakika nayo.

Nimeandika vituo vyangu kwenye karatasi. Tunduma, mwinjilisti wa baiskeli. Vwawa, tulikomzika mtoto wetu wa kwanza, na Jumapili iliyofuata nikahubiri. Morogoro. Temeke, nilikoanza na watu saba kwenye darasa la kuazima. Leo wengine husimama nje madirishani. Kila barua ya uhamisho niliitii. Kisha nikawa askofu, na barua zikakoma. Nyumba, gari, dereva, vikao.

Temeke nilikuwa mchungaji mzuri sana. Sijawa mzuri hivyo tangu hapo. Sioni aibu kuliandika hili. Ni kweli.

Jumamosi, 7 Agosti

Wazee wa kanisa wamekuja nyumbani. Muhula wangu wa pili unaisha kwenye Mkutano wa Mwaka, Ijumaa ijayo. Wanataka kubadili kanuni nipate wa tatu. Katibu wao, Mzee Sinkala, keshazungumza na wajumbe. Kura zipo.

"Kanisa bado linakuhitaji, Baba."

Nimefurahi kuliko inavyofaa. Nimesema nitajibu mkutanoni.

Jumatatu, 9 Agosti

Nimemwambia mke wangu ninachotaka kufanya. Mama Upendo alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

"Migomba hii nilipanda nikidhani nitakula ndizi zake." Akatupa chuya. Kisha: "Huko kuna maji?"

Sijui, nikasema.

"Basi kaulize kabla hujamjibu Mungu."

Nimekwenda Chamazi leo hii hii. Kisima kipo, cha Mzee Kibwana, Mwislamu, mwenyeji wa pale, mkulima wa korosho. Maji matamu. Ana ghala tupu pia. Nikaliomba kwa ibada za Jumapili. Akafikiri, akakubali, ila ngoma zetu zinyamaze kabla ya adhuhuri. Nimempenda. Mtu anayesema sharti lake mapema.

Alhamisi, 12 Agosti

Sinkala kapiga simu mara tatu. Sikupokea. Uoga, pengine. Si uoga wa Chamazi. Naogopa kwamba akinibembeleza vizuri nitakubali.

Ijumaa, 13 Agosti

Imekwisha. Nimesimama kabla kanuni haijaletwa mezani. Nimesema sitaki muhula wa tatu. Makofi machache. Sinkala akatoka nje.

Kisha nikasoma uhamisho, kazi yangu ya mwisho kama askofu. Mwananyamala: Lazaro anabaki mwaka mmoja. Chamazi: nikasoma majina yangu, yote matatu, kama ninavyosoma ya wengine. Sauti haikutetemeka.

Mlangoni Lazaro alinisubiri. Akachukua mkoba wangu, akaubeba hadi kwenye gari. Nimemsamehe. Sijamwambia. Naye alikuwa sahihi, hilo nalo sijamwambia.

Jumatano, 18 Agosti

Askofu mpya kachaguliwa. Nimemkabidhi funguo na muhuri. Amenipa barua ya uhamisho, ameitia sahihi mbele yangu. Nimeisoma mara mbili. Nimejisikia kijana.

Jumapili, 5 Septemba

Chamazi. Watu kumi na mmoja, pamoja na Mama Upendo. Nimehubiri bila karatasi. Mama mmoja akaomba tumwombee binti yake, mimba ya kwanza, siku zimepita. Tukaomba, kisha tukaenda kumwona, wote kumi na mmoja.

Mchana nimefua mwenyewe kola yangu ya uchungaji, nikaianika kambani. Jua kali. Imekauka kabla wali haujaiva.