Wimbo wa Kurudisha

Jumatatu, 2 Agosti 1993. Pugu.

Mwaka wa sita huu tangu nitoke nyumbani. Niliondoka wakati wa palizi, nikasema nitarudi mavuno. Sikusema mavuno ya mwaka gani.

Leo treni imeshusha ng'ombe wa Shinyanga. Wamekonda, miguu imekufa ganzi kwa kusimama behewani. Hawakutaka kutoka mnadani. Wenzangu wamewapiga mpaka fimbo zikavunjika. Nikatoa filimbi nikapiga wimbo wa kurudisha. Wakanyanyua vichwa. Wakaja.

Kwetu, upande wa Manyoni, wimbo huo hupigwa jioni tu, kuwaita ng'ombe kutoka malishoni. Hapa nautumia kuwapeleka machinjioni, natangulia mbele wao wananifuata, tangu Pugu mpaka mjini. Hata ng'ombe wasioujua wanaufuata. Nadhani wamechoka tu kupigwa.

Zamani ng'ombe walikuwa wa shirika la umma na shirika lilikuwa na malori. Sasa kila mwenye uwezo anajinunulia wake, na miguu yetu ni rahisi kuliko dizeli.

Siipendi kazi hii. Naandika hapa nisije nikamwambia mtu.

Alhamisi, 5 Agosti.

Tajiri yetu, Bwana Sefu, anataka makundi mawili yatoke kwa siku. Kaniambia nimfundishe Chande. Chande ni mtu wa Mtoni, kazaliwa hukohuko, mdomo haupumziki. Hajawahi kulala karibu na ng'ombe kabla ya kazi hii.

Mwanzi mzuri hapa hakuna. Nimemtengenezea filimbi ya bomba la plastiki, lile la mafundi umeme. Nimetoboa matundu kwa msumari wa moto. Sauti yake kavu, lakini inatoka.

Amepuliza mpaka mate yakamtiririka kidevuni. Nikamwambia, taratibu, huwashi mkaa.

"Mwalimu, mie napuliza ng'ombe waje, we unataka nipulize walale?"

Wote wameshika hilo jina. Mwalimu. Mimi niliyeishia darasa la nne.

Jumapili, 8 Agosti.

Somo siku nzima, nyuma ya mnada. Vidole vya Chande ni vyepesi, pumzi ndiyo hana. Anaimaliza yote mwanzoni kama mtu anayetapanya mshahara. Nimemwekea kiganja tumboni, nikamwambia asukume kiganja, asisukume filimbi. Baba alinifundisha hivyo. Kuelekea jioni akapata pumzi moja ndefu, safi, akastuka mwenyewe.

Kufundisha kunanipa raha ambayo sistahili. Namfundisha mtu kuita ng'ombe kwenye kisu, na bado akikosea noti naumia, akipata nafurahi.

Wimbo una sehemu tatu. Kuita, kutembea, kufunga. Nimemfundisha mbili. Ya tatu hupigwa ng'ombe wa mwisho akishaingia zizini na miti ya mlango imeshawekwa. Sijaipiga tangu nije huku. Pale machinjioni huwa naondoa tu filimbi mdomoni.

Chande kaniuliza, "Huu wimbo mbona unaishia hewani?" Nimemwambia ndivyo ulivyo.

Baba bado anaupiga wote kila jioni. Ananishikia zizi. Siku naondoka alisema, hawa ng'ombe ni wako, mimi nawachunga tu. Mbele yao hutangulia jike ninayemwita Yatima. Mama yake alikufa akimzaa, nikamlea mimi kwa maziwa ya kuombaomba na kwa filimbi. Yeye akigeuka nyumbani, wote wanageuka. Zizi hilo ndilo linaloniamsha asubuhi. Bila hilo mimi ni mtu wa barabarani tu.

Jumanne, 10 Agosti.

Homa. Viungo vyote. Nimetembea mpaka Ukonga nikatapika, Chande akanirudisha.

Jumatano, 11 Agosti.

Homa haijashuka.

Leo nimelala. Chande ametoka na kundi bila mimi, mara ya kwanza. Chumba changu kiko kando ya barabara. Nikamsikia anakuja kwa mbali. Alipiga sawasawa. Pumzi mahali pake, sehemu ya kutembea haikukatika hata kidogo. Nilifurahi. Naandika ukweli. Nilifurahi kama mzazi. Nikajifunga shuka nikatoka mlangoni kumwona mwanafunzi wangu.

Nyuma yake kabisa, pua karibu imguse mgongo, alikuwa Yatima.

Pembe ya kulia imeinama kuelekea jichoni. Sikio la kushoto limepasuliwa, la kulia limekatwa ncha. Alama ya baba. Nyuma yake wengine sita wenye masikio hayohayo. Majike. Kwetu jike anayezaa hauzwi. Anauzwa boma likivunjika.

Nilimwita jina lake. Sikio moja liligeuka. Moja tu. Kisha akaendelea kumfuata Chande, kwa ile haraka ya ng'ombe anayejua kumekuchwa na ndama anasubiri. Ilikuwa asubuhi.

Filimbi yangu nilikuwa nayo kiunoni. Ningepiga, kundi zima lingegeuka katikati ya malori. Halafu niwapeleke wapi? Sikupiga.

Nimewafuata na shuka yangu. Nikamwambia Chande asimame. Akatoa bomba mdomoni, anacheka.

"Mwalimu, rudi ukalale, utafia barabarani bure! Ila umesikia lakini? Umesikia mambo yangu?"

Nikasema nimesikia. Nikasema vizuri. Ningesema nini? Kafanya nilichomfundisha.

Nikarudi mnadani kwa tajiri. Nimempigia magoti, nikamwomba ng'ombe mmoja tu. Hakunifokea. Kasema wameshauzwa kwa wachinjaji. Halafu akauliza, "Na ukipewa, Daudi, utamfuga wapi? Chumbani?"



Alhamisi, 12 Agosti.

Nimemtafuta aliyewasindikiza kwenye treni. Yupo, hajaondoka. Anaitwa Yohana, wa kijiji cha pili kutoka chetu. Aliponiona alivua kofia. Nikajua kabla hajasema.

Baba amefariki. Wakati wa mavuno. Walituma mtu anitafute Mtoni, nilikokuwa nikiishi mwanzo. Nilihamia Pugu bila kumwambia mtu.

Yohana anasema baada ya mazishi ng'ombe walikataa kuingia zizini. Jioni wanasimama ng'ambo ya korongo, wanatazama nyumbani, hawaji. Kaka Elia aliwaita, aliwapiga fimbo, alitumia mbwa. Hajui filimbi. Yeye alipelekwa shule, mimi nikapewa filimbi. Fisi wakala ndama. Elia akaona bora auze kuliko awalishe fisi. Simlaumu. Nimejaribu kumlaumu, imeshindikana.

Walikuwa wanasubiri wapigiwe. Basi. Wakasafiri njia yote hiyo behewani, wakaja kupigiwa hapa.

Ijumaa, 13 Agosti.

Sikwenda kazini. Sikula. Nimetazama bati.

Laiti ningekuwa nimemfundisha vibaya. Ningekuwa mwalimu mbovu. Yatima angegoma.

Jumamosi, 14 Agosti.

Nimewasha jiko ili nichome filimbi. Mwanzi wa baba, mweusi kwa mafuta ya vidole vyake. Nimeishika juu ya moto mpaka vidole vikaungua. Nimeshindwa hata hilo.

Jumapili, 15 Agosti.

Chande amekuja na uji kwenye chupa ya chai. Nimemwambia yote. Akakaa kizingitini, akalitazama lile bomba.

"Yule wa pembe? Mbona alinifuata kama ananijua? Nikamsifia kwa watu, Mwalimu. Nikasema huyu ndiye mpenzi wangu."

Akaweka bomba chini. Kasema haligusi tena, warudi kwenye fimbo.

Nikamrudishia mkononi. Nimemwambia, aliyekufuata hakupigwa hata fimbo moja njia nzima. Hilo tu ndilo nililonalo la kunifariji. Usiliache bomba.

Amelia. Mimi sikuweza.

Jumatano, 18 Agosti.

Nimerudi kazini. Nimetembea nyuma ya kundi na fimbo ambayo sikuitumia. Chande kapiga mbele. Pale getini akaondoa bomba mdomoni, akageuka kunitazama. Sasa anajua kwa nini wimbo unaishia hewani.

Jumapili, 22 Agosti.

Nimemuaga tajiri, narudi kwetu. Kanipa mkono, kasema nafasi yangu ipo. Chande amechukua godoro na sufuria. Alitaka nimfundishe sehemu ya tatu kabla sijaondoka. Nimekataa, na hakukasirika. Kasema, "Nenda kaimalize, kaka." Leo hakuniita Mwalimu.

Mama yu hai, Yohana amenihakikishia. Ameacha miti ya mlango wa zizi chini, mahali ilipoangukia. Hataki mtu aiinue.

Homa imekwisha. Usiku huu kumetulia, mvua ndogo imepita ikalaza vumbi.

Mabehewa ya ng'ombe hurudi bara matupu. Yohana ameniombea nafasi humo. Nitalala kwenye nyasi zao. Tunaondoka kesho. Natarajia kufika Jumatano, jioni, saa ya ng'ombe kurudi. Nitaiweka miti mlangoni mwenyewe, na nitapiga mpaka mwisho.