Walikuja na Sufuria Zao

Jumamosi, mwezi wa kumi. Joto la kukausha koo, na mawingu yamejazana juu ya vilima vya Mitaboni lakini hayataki kushuka. Niliamka na hasira. Sasa jua linaelekea kutua na sijui hasira ile imeenda wapi, kwa hivyo wacha niandike kabla sijasahau ilivyokuwa.

Kwa wewe unayefungua shajara yangu hii ya mtandaoni mara ya kwanza: mimi ni Mama Mumo, fundi wa kushona sare za shule. Niko na saratani ya titi. Duka langu sokoni limefungwa tangu nianze kemo, ile dawa inayoingia mwilini kwa dripu. Nimemaliza mbili, ya tatu ni Jumatatu. Nilianza kuandika hapa kwa sababu nilitafuta kitu cha kusoma, kitu cha mtu kama mimi, nikapata watu wa aina mbili tu: wanaoniita shujaa na wanaotaka kuniuzia majani ya mstafeli. Shujaa si mimi. Na hayo majani hata sitaki kuyasikia.

Sasa ukweli wa leo. Niliamka nikiwa nimeamua kwamba Jumatatu siendi.

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Si Baba Mumo, ambaye yuko kazini Mavoko na hurudi mwisho wa mwezi. Si Mumo, ambaye yuko chuo na mitihani inamkaba. Nilikuwa nimepanga kuzima simu, nijifunike blanketi, siku ipite. Usinielewe vibaya, sitaki kufa. Nimechoka kutapika, basi. Baada ya dawa ya pili nilitapika chakula, nikatapika maji, mwisho nikawa natapika hewa tupu. Nikajiambia, kama huku ndiko kupona, heri nibaki na ugonjwa wangu kwa amani.

Nilikuwa bado kitandani nikiyapanga haya niliposikia sauti za wanawake uani, na sufuria zikigongana.

Ilikuwa mwethya. Kwa msio wa huku, mwethya ni majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu, leo kwangu, wiki ijayo kwako. Wakati huu wa mwaka tunapanda mbegu kwa udongo mkavu ili mvua ikishuka izikute tayari ardhini. Sheria ya kwanza ya mwethya kila mtu anaijua: mwenye shamba ndiye anayepika. Uwe na kitu, usiwe na kitu, utatafuta cha kuweka motoni, kwa sababu watu wamekuinamia shambani. Hakuna mtu hubeba chakula akienda kulima kwa mwenzake. Hiyo ni kumtukana.

Kuna siku moja tu majirani huja kwako na sufuria zao, kuni zao na unga wao. Ni siku ya matanga. Siku hiyo wenye nyumba hawagusi moto.

Nilichungulia dirishani. Mama Kioko, mwenyekiti wetu, alikuwa amejitwika ile sufuria kubwa ya kanisa, ile ya mazishi. Nyuma yake wanawake wengine na majembe, na mmoja ana mzigo wa kuni. Hakuna aliyepiga hodi. Walikuwa wakiongea chini chini, kama watu waliokuja kukaa na mfiwa. Wakaanza kupanga mawe matatu ya kupikia nje, mbali na jikoni mwangu.

Woi! Nilihisi damu ikinipanda hadi masikioni.

Nilitoka vile nilivyokuwa, na leso kiunoni na kichwa bila kitambaa. Hakuna mtu kijijini alikuwa ameniona bila nywele. Mimi mwenyewe kioo nilikigeuza kikatazama ukuta. Lakini hasira haingoji kitambaa. Nikasimama pale mlangoni na upara wangu nikawauliza kwa sauti ya kufika barabarani, "Nani amekufa hapa?"

Mwenye kuni akazishusha. Wengine wakaangalia majembe yao.

"Nimeuliza, nani amekufa? Matanga ni ya nani? Kama ni yangu, si mngengoja kidogo nimalizike?"

Mama Kioko aliteremsha sufuria polepole. Huyu ni mwanamke mnene, wa sauti nene. Leo sauti ilikuwa ndogo. Alifuta jasho, akaangalia chini, kisha akasema, "Mama Mumo, hatukujua tukuulize vipi. Tuliogopa. Tukasema wacha tufanye tu, tusikusumbue, wewe ulale."

Wewe lala. Wewe pumzika. Miezi hii yote, hayo ndiyo maneno ninayopewa. Wanakuja, wanakaa kwa ukingo wa kiti, wanaomba, wananiangalia kwa yale macho, wanaondoka. Hakuna anayeniambia nani amegombana na nani. Hakuna anayeniletea zipu iliyoharibika. Mimi najua wananipenda. Lakini upendo ule ulikuwa unanizika nikiwa hai, na leo nilichoka nao.

Nikawaambia sufuria hiyo irudi kanisani. Kwangu nitapika mimi.

Nilikuwa na ndengu ndani, nikaziweka motoni. Wakaenda shambani, wakabaki wawili kunitekea maji, na mmoja wao ni Kalondu, rafiki yangu tangu tukiwa wasichana. Nikaketi kwa kigoda nikikoroga, nikijiona mtu tena. Jamani, raha iliyoje, kuungua vidole kwa mwiko wako mwenyewe! Ndengu zikaiva vizuri. Kisha nikaweka mafuta kwa sufuria nyingine, nikatia kitunguu.

Harufu ile ilinipiga usoni. Nilikimbia nyuma ya jikoni nikatapika.

Nilipoinua kichwa, Kalondu alikuwa ameshika leso yangu isiburuzike. Hakuomba. Hakusema pole. Aliuliza tu, "Hii kutapika, wale wa hospitali umewaambia?"

Nikamwambia huwa wananiuliza naendeleaje.

"Na wewe unasema nini?"

"Nasema vizuri."

Aliniangalia hadi nikaona haya. Kwa sababu ndivyo ilivyo, shajara yangu, na wewe unayesoma, hebu jiangalie. Sisi tumelelewa hivyo. Mtu akikuuliza "Wi museo?" yaani u mzima, unajibu "Ni museo," mimi mzima, hata kama nyumba inaungua nyuma yako. Kuanza kumwaga shida zako kwa salamu ni kukosa adabu. Kwa hivyo sista, yule muuguzi wa kliniki, amekuwa akiniuliza, "Mama, unaendeleaje?" na kalamu iko mkononi, anangoja kuandika. Mimi najibu, "Vizuri sana, na wewe?" Nilidhani tunasalimiana.

"Wewe ni mjinga kweli," Kalondu akasema. Na mimi nikalia. Si kwa sababu ya kuitwa mjinga. Nililia kwa sababu hakuna mtu alikuwa amenitukana tangu niugue. Hapo ndipo yote yalinitoka, yeye kachuchumaa upande huu na mimi upande ule. Nikamwambia Jumatatu siendi. Nikamwambia naogopa kile kiti cha dripu kuliko ninavyoogopa ugonjwa wenyewe.

Hakunihubiria. Alisema tu, "Leta simu."

Tulipiga ile nambari niliyopewa kliniki. Bahati ikawa sista yuko zamu. Nilimwambia kila kitu, kutapika, harufu, kulala na ndoo kando ya kitanda. Akasema kwa upole, "Mama, kwa nini hukusema?" Akaniuliza kama mkojo unatoka, kama naweza kuweka maji tumboni. Akaeleza kwamba dawa za kuzuia kutapika ziko za aina nyingi, na ile niliyopewa siyo ya mwisho. Niseme Jumatatu kabla ya kuwekwa dripu, daktari ataibadilisha au ataongeza nyingine. Hakuniahidi kwamba kutapika kutaisha kabisa. Alisema wengi hupata nafuu, na kwamba hata hiyo hofu yangu ya kiti niitaje, kuna mtu pale wa kuongea naye. Nilikata simu nikabaki nimeishika. Wiki zote hizi nimejitesa kwa adabu.

Kama unasoma hii na wewe uko kwa dawa, tafadhali usiwasalimie madaktari. Waambie.

Basi ndengu zikapakuliwa hivyo hivyo, bila kitunguu, bila mafuta, chumvi tu. Wanawake wakarudi kutoka shambani wakiwa wekundu kwa vumbi, wakapokea sahani, wakaonja. Nikaona Mama Kioko akitafuna polepole. Wote wakamwangalia yeye. Akameza, akasema, "Hii ndengu imepikwa na mtu ambaye anatuchukia."

Kicheko kilichotoka hapo, sijui kama niliwahi kusikia kingine kama hicho kwa boma langu. Mmoja akasema hata wafungwa hupewa kitunguu. Mwingine akasema afadhali tungepikia ile sufuria ya kanisa. Nilicheka hadi mshono wa upasuaji kifuani ukaniuma. Nikawaambia asiyetaka arudishe sahani, na hakuna aliyerudisha.

Kisha nikauliza swali lililokuwa limenikaa moyoni siku nyingi. Zamu yangu ya kwenda kwa wengine ni lini? Wakaangaliana. Kalondu akatazama pembeni. Mama Kioko akakiri kwamba walikuwa wameniondoa kwa zamu. Shamba langu lilimwe, lakini mimi nisidaiwe siku yoyote. Alisema kwa wema, na mimi niliuona huo wema. Lakini nawaambia wanaouguza mtu: mkimwondolea mtu kila deni, anajua mmehesabu hatakuwepo kulipa.

"Nirudisheni," nikasema.

"Mama Mumo, jembe huwezi kuinua."

"Nirudisheni hivyo hivyo."

Mama Kioko aliweka sahani chini. Akaniangalia kichwani, pale penye upara, kisha machoni, moja kwa moja, kama alivyokuwa akiniangalia zamani tukigombania mipaka ya matuta. "Haya. Mvua ikishanyesha na magugu yakitoka, palizi ya kwangu, wewe uko. Kulima hulimi. Utakaa kivulini utupikie uji. Lakini uwepo. Na ukikosa, faini ni ile ya kila mtu, kuku mzima."

"Si yule kuku wake aliyekonda," Kalondu akadakia. "Yule jogoo mwekundu."

Wote wakageuka kumwangalia jogoo, na mmoja akameza mate. Haki nimemwona.

Wameenda sasa. Matuta yamepandwa hadi juu, na nyayo zao zimejaa uani. Nimechoka, mwili unauma, na nisidanganye, bado naogopa. Jumatatu kile kiti kitakuwa pale pale na sindano itakuwa sindano. Kalondu atanisindikiza, amekataa hata nimbishie.

Lakini nimepiga hesabu yangu. Ili niwe kwa palizi ya Mama Kioko lazima niwe hai, na ili niwe hai lazima niende Jumatatu.

Mwanamke yule hatakula jogoo wangu.