Viatu vya Baraka Vimechakaa

Mengo, Kampala

Mama yangu,

Pokea salamu zangu kabla sijaanza kukuchosha. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au bado unampa jirani kwa sababu eti yeye anaumwa zaidi? Nakujua. Sisi huku tunapumua. Baba Baraka yuko safarini na lori, na mjukuu wako anakula kunishinda. Siku hizi anaiga kikohozi cha mwenye nyumba, anacheka mpaka anapaliwa, kisha anauliza bibi yake, Kukhu, atakuja lini.

Kwenye simu uliniuliza vile viatu ulivyomtumia vimefikia wapi, nikasema nitakuandikia. Kuna mambo siwezi kuyasema kwenye simu, Mama. Nitalia, nawe utalia.

Nianze na kigari chake cha kusukuma, maana habari zote za Baraka ni habari za kigari. Unakumbuka nilikitoa Owino, kwenye mitumba, akiwa mchanga, nikijua nitakitumia mpaka aanze kutembea tu. Ndicho kimekuwa miguu yake hadi leo. Kila Jumamosi nikishafunga kibanda changu cha mashuka, navua kitambaa, nakung'uta makombo ya chapati, naloweka, nasugua vifungo kwa mswaki mkuukuu. Naanika kivulini, kwa sababu jua lilishakula mkanda mmoja ukakatika. Halafu nakilaza ubavu na kuchokoa kwa kisu nyuzi na nywele zilizojiviringisha penye magurudumu. Baraka hukaa mkekani akinisimamia. "Na hapo, Mama. Umeacha na hapo!" Bosi wa kweli.

Majuzi magurudumu yakaanza kulia. Nalongo, mama wa mapacha ninayeuza naye jirani sokoni, akanishauri. "Weka mafuta ya kupikia, Mama Baraka. Mimi ya kwangu niliweka, ilitembea bulungi, vizuri kabisa!" Nikaweka, tena sikubania. Mwanzoni kiliteleza kama kipya. Kisha vumbi jekundu la huku likashikana na mafuta likawa tope zito, na Jumapili tukienda kanisani, pale mteremkoni kando ya ukuta wa Lubiri, jumba la Kabaka, gurudumu la mbele likagoma kabisa. Boda wanapiga honi, mimi nimepiga magoti na gauni langu la kanisa, nachokoa tope kwa kibanio cha nywele. Baraka naye anawapungia watu mkono kama mbunge. Nikacheka, halafu nikalia hapo hapo barabarani.

Kesho yake nikakipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Alitoa tope lote kwa petroli, akatia oili ya cherehani, magurudumu yakanyamaza. Kisha akainama kuangalia vyuma vya chini, akavigonga kimoja kimoja kwa kidole.

"Nyabo, mutoto iko miaka ngapi?"

"Anaingia sita."

"Bambi, pole. Magurudumu iko sawa. Lakini hii chuma ni ya mutoto mudogo. Nikichomerea hapa, itapasuka pale. Mutoto anakua."

"Sasa nifanye nini, ssebo?"

Alimwangalia Baraka, akafuta mikono kwenye ovaroli lake. "Mimi sijui, nyabo."

Hata mimi sijui, Mama. Kiti cha magurudumu cha ukubwa wake nimekiulizia kila nilikoelekezwa. Wananiambia nisubiri, nami nasubiri. Mgongoni simuwezi tena, na bila kigari atashinda chumbani akisikiliza wenzake wakicheza uani. Naweza kuosha kitambaa mpaka kitoboke. Naweza kukaza kila skrubu. Kumzuia mtoto asikue siwezi, na mama gani anaombea hivyo? Asubuhi nikimwongezea uji mkono unasita, kisha najichukia, namjazia kikombe.

Nisalimie Baba, umwambie redio aliyoniagiza bado naitafuta. Msalimie shangazi aliyenifundisha kufua, na kitinda mimba wetu, umwambie aache kukopa kwa jina langu dukani. Wote wa kanisa pia. Muendelee kutuombea, hata kama mimi siku hizi nikipiga magoti sijui niombe nini.

Sasa viatu. Ulipovituma ulisema unamwomba Mungu akuweke mpaka usikie vimechakaa. Vimechakaa, Mama. Miguu yake imerefuka, inafika chini, na ninaposukuma kigari inaburuzika. Soli ni nzima kama ulivyozinunua. Kilichoisha ni ncha za mbele, penye vidole. Jana aliviona vimetoboka, akainua mguu kwa mikono yake miwili anionyeshe, uso wote unacheka.

"Mama, mwambie Kukhu nimevimaliza!"

Basi nimekwambia.

Mwanao,
Nekesa