Ngoma ya Kamanyola

Bukavu, tarehe 12 mwezi wa saba, 1956

Dada Célestine,

Nimefika! Peke yangu, na baiskeli ya marehemu mume wangu!

Pale bariyeri ya Kamanyola mulinzi alinicheka: "Mama, weye utapanda mulima na hiyo?" Njia ni nyembamba, wa kushuka na wa kupanda wanapita kwa zamu, kila upande unangoja ngoma yake. Ngoma yetu ya kupanda ikalia. Nilisukuma mpaka juu, nikageuka: bonde la Ruzizi lote liko chini yangu! Nikapiga kelele kama mutoto.

Rafiki yangu Sabine na wenzake wa hapa Bukavu walinipokea kwa vigelegele. Ndagala zako, vile visamaki ulivyonifungia, ziliisha siku ileile.

Shemeji Octave anasema atarithi baiskeli ya kaka yake, na miye mujane juu yake. Umwambie ngoma ya kushuka sijaisikia.

Mudogo wako,
Gloriose